Kila Mwamba Ngoma

Jumanne ni siku yetu ya masikio, pua na makoo.
Kazi yangu mimi ni kuhesabu:
pamba zilizoingia, pamba zilizotoka,
sindano, koleo, makasi.
Kati ya usingizi tunaoutoa sisi na ule mwingine
ni pua na mdomo,
kwa hiyo nahesabu mara mbili.

Huanza na wadogo; njaa yao haina subira.
Shekuwe wa Kibokoni, miaka mitatu na nusu,
shanga ya kijani katika tundu la kulia
tangu harusi ya khalati yake.
Mamake alidhani ni mafua,
ila mafua gani haya, ya upande mmoja, yanayonuka?
Daktari Mwaringa aliiangusha bakulini: ting.
Mtoto, dawa haijamtoka kichwani, akaidai.
"Yangu."
Tukaiosha, tukampa.

Kisha Dama wa Mishomoroni, miaka tisa,
mkoromo wa kumshinda babake,
akilala ameketi, mdomo wazi.
Mafindofindo yamekutana katikati
kama majirani wanaogombania mpaka.
Nyanyake alitaka apelekwe kwa mkata vimeo,
yule wa wembe na majivu.
Mamake akakataa. Sijui alikataaje;
nyanya yule namjua, hakataliwi.
Usiku wa kurudi nyumbani Dama alilala kimya
na mamake hakulala:
kila mara kiganja puani,
aone kama pumzi ipo.

Kache, miaka ishirini na sita,
muuza viazi karai Mwembe Tayari.
Sikio la kushoto latoa usaha tangu surua ya utotoni;
harufu aliifunika kwa asumini na leso.
Walimwita jeuri: ukimwita, hageuki.
Sikio la kufa, walisema, halisikii dawa.
Wakaongeza: ametia nta.
Nta!
Laiti ingekuwa nta.
Kiwambo kilikuwa na tundu
la kupitisha punje ya choroko.

Kila mwamba ngoma
ngozi huivutia kwake.
Siku hiyo, chini ya darubini,
niliiona ikivutwa kwa mwenyewe:
utando mwembamba kuliko manda ya sambusa,
umetolewa nyuma ya sikio lake huyo huyo,
ukakaushwa kidogo,
ukatandazwa chini ya tundu, taratibu, taratibu,
saa mbili na robo bila mtu kukohoa.
Mara moja taa ilipepesa.
Mikono yote ikasimama hewani.
Ikarudi.

Wa mwisho ni mzee Mbarak Kiponda,
sabini na moja, mnadi wa nyanya Kongowea,
ambaye sauti yake ilivuka soko ikafika barabarani.
Uvimbe ulikuwa umekaa penye sauti yenyewe;
vyote viwili vingetoka pamoja.
Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniomba nikae.
Akaanza kunadi, kwa mikwaruzo iliyobaki:
kitanda chake, bakuli la uji,
viatu vya mgonjwa wa pili, saa ya ukutani.
"Nani ataongeza? Nani?"
Nikaongeza shilingi.
Akaniuzia saa ya serikali.

Sasa anapumua kwa tundu la shingoni,
kitambaa cheupe juu yake kikiinuka na kushuka.
Tulimpa ubao mdogo na chaki.
Mkewe akasogea, wanawe wakasogea,
wasome neno lake la kwanza.
Aliandika DENI
akanielekezea mimi kidole.

Wiki ya sita Kache alirudi.
Daktari akachungulia kwa muda mrefu, akanyamaza,
akanipa mimi nichungulie:
kiwambo kizima, rangi ya lulu chafu.
Nilikuwa nimeandaa pamba, nikijua atalia.
Hakulia.
Aliinamisha kichwa, kama mtu anayetafuta kitu sakafuni,
akageukia kushoto.
"Mfereji ule unavuja."

Unavuja mwaka wa tatu huu.
Tunapita hapo kila siku, sote,
na ndoo zetu.
"Kwani," akasema, "hamsikii?"